Kidole cha Nne

Ndani ya kiwanda kile cha nguo hakuna aliyewahi kumsikia mwenzake akiongea. Mitambo ya kufuma ikishaanza kuunguruma asubuhi, hata ungempigia jirani yako yowe sikioni, angekuona tu umepanua kinywa. Kwa hiyo watu walizungumza kwa mikono. Vidole viwili vikifunguka na kujifunga kama mkasi, maana yake uzi umekatika. Kiganja shavuni, jana sikulala vizuri. Ngumi juu ya kichwa, Meneja anatazama. Waliokaa pale muda mrefu waliweza kusengenyana kutwa nzima na kucheka mpaka machozi, na Meneja kule juu, kwenye chumba chake cha vioo, asiambulie kitu isipokuwa namba. Namba alizielewa, maana vidole ni vidole.

Mfumaji mmoja wa safu ya kwanza, ambaye wenzake walimwita Mpole na mkewe alimwita Baba Pacha, aliipenda lugha hiyo kuliko ya mdomo. Mkono haukulazimishi kujieleza sana. Mkewe, Mama Pacha, alikuwa mfumaji vilevile, na mtambo wake ulikuwa ng'ambo ya njia, kwa hiyo walishinda wakitazamana. Waliajiriwa siku moja, wakafundishwa na mtu mmoja, wakapewa mitambo ya aina moja inayofuma kitambaa kilekile. Watu waliwaonea wivu. Wanandoa wengine wakirudi nyumbani jioni wanatafuta la kusema, hawa walikuwa wameshamaliza habari zote kazini, na bado walitembea njiani wameshikana mikono.

Sasa msimpende haraka mtu huyu, kwa sababu alikuwa na siri.

Siku walipolipwa mshahara wao wa kwanza, Meneja alimwita Mpole ofisini na kufunga mlango. Akamwambia kwamba yeye ni kichwa cha nyumba, kwa hiyo amemwongezea kidogo, kama wanaume wote, ila asimwambie mkewe kwa sababu wanawake wana maneno. Mkewe alikuwa amewekewa laki tatu. Yeye aliwekewa nne. Mpole alishukuru, akatoka, na kwa kweli alikusudia kumwambia mwenzake pale pale getini. Lakini pale getini alimkuta mke anarukaruka kama mtoto. Sote tatu, tumetoka sare, alimwambia, tangu leo kila kitu nusu kwa nusu, asitokee mtu kusema unanilisha. Mpole akafungua kinywa, akakifunga. Kesho, akajiambia. Ile kesho haikufika.

Nusu kwa nusu ikawa sheria ya nyumba. Kodi ya chumba nusu kwa nusu, unga nusu kwa nusu, na watoto wa kike wawili walipozaliwa pamoja, karo nusu kwa nusu. Mama Pacha akishatoa nusu yake alibaki mikono mitupu. Mpole akishatoa yake alibaki na kile kidole cha nne mfukoni, na asiweze kukitoa. Mimba ya mapacha ilipokuwa kubwa na miguu ya mama imevimba, kuna wiki nauli iliisha nyumbani, wakawa wanatembea kwa miguu mpaka kazini. Mpole alimshika mkono njia nzima, akimpa pole kila kona, na nauli ya wote wawili iko mfukoni mwake. Angeitoaje? Ingebidi aeleze imetoka wapi. Hata jino la mkewe lilipoanza kuuma, daktari alisema linaweza kuzibwa, ila kuziba ni ghali na kung'oa ni rahisi. Wakang'oa. Tangu hapo mkewe akicheka kulionekana pengo upande wa kushoto, na Mpole alijifunza kumtazama upande wa kulia.

Na msidhani kwamba alikuwa akijenga nyumba ya siri, au alikuwa na mwanamke mwingine. Afadhali hata ingekuwa hivyo, angekuwa na kitu cha kuonyesha. Fedha ile iliyeyuka tu. Aliwanunulia wenzake vinywaji, akamtumia kaka yake, akamkopesha huyu na yule ambao hawakurudisha, akapata sifa ya ukarimu. Kitu kimoja tu kilifika nyumbani nacho ni redio, nzuri, ya spika mbili. Alidanganya kwamba ameishinda katika bahati nasibu. Mama Pacha alifurahi mno, akawasimulia majirani wote, na kuanzia siku hiyo ilipobidi kuchagua chochote, embe sokoni au dirisha la kupanga foleni, alimwachia mumewe. Chagua wewe mwenye bahati, alikuwa akisema.

Mambo yalianza kuharibika kwa sababu ya mfumaji mpya, mwanaume wa makamo aliyetoka kiwanda kingine, ambaye kila mtu alimwita Mgeni. Mama Pacha ndiye aliyepewa kazi ya kumfundisha mitambo ya pale, maana ilikuwa na ukorofi wake. Mchana mmoja Mgeni alikuwa akitafuta chumba cha kupanga, akamuuliza mwalimu wake kwa mikono, kati ya mitambo inayounguruma, kama mtu anayepata kiasi hiki anaweza kumudu mtaa ule. Akapapasa mfuko, ishara ya mshahara, akainua vidole vinne.

Mama Pacha alidhani amekosea kuhesabu. Akamwambia arudie. Mgeni akarudia, vinne.

Ng'ambo ya njia Mpole aliona yote. Uzi ulikatika kwenye mtambo wake akaacha ukatike, na kitambaa kikatoka na mstari mtupu katikati. Alikaa hivyo mpaka kengele ya kutoka, akiomba mkewe asahau, na mkewe hakuwa mtu wa kusahau.

Jioni ile Mpole alikuwa amekaa kwenye kigoda akishona kiatu cha mmoja wa mapacha. Mama Pacha alimsimulia habari ya Mgeni kwa kirefu. Mtu amekuja juzi, hajui hata kuunga uzi wa mtambo wetu, mimi ndiye ninayemshika mkono, na ananipita kidole kizima. Kisha akauliza swali ambalo mumewe alikuwa ameliogopa miaka yote ya ndoa yao, na aliliuliza kwa urahisi tu, kama anayeuliza chumvi iko wapi.

"Wewe si bado tatu, Baba Pacha?"

"Tatu," akasema Mpole, na sindano ikamwingia kidoleni.

Mama Pacha alitikisa kichwa kwa uchungu. Alisema ndivyo alivyodhani. Wamekuona mpole wakakuonea, akasema, wenzako wanapewa nne na wewe wanakuacha na sisi wanawake kwa sababu hujui kugomba. Akamwambia asijali, atagomba yeye kwa niaba ya wote wawili. Mpole alinyonya damu kidoleni. Alijua kwamba ule ulikuwa mlango, na kwamba ameufunga kwa mkono wake mwenyewe.

Kesho yake Mama Pacha alipanda ngazi za chuma mpaka kwenye chumba cha vioo. Alikwenda na Shangazi, kama kila mtu alivyomwita, mfumaji mkongwe kuliko wote, ambaye alikuwa karibu kustaafu. Shangazi alikuwa na haraka ya kujua ukweli, kwa kuwa kiinua mgongo chake kingepigiwa hesabu kwa mshahara wake, na mshahara mdogo ungezaa kiinua mgongo kidogo cha kumfikisha kaburini. Meneja aliwapokea vizuri, akawapa viti. Alisema wafumaji wote wa pale wanalipwa sawa, mwanaume kwa mwanamke, na huyo Mgeni ni mtu wa kujitutumua mbele ya akina mama. Halafu akamgeukia Mama Pacha.

"Una mume mle chini. Umemuuliza?"

"Nimemuuliza. Anapata tatu."

Meneja alicheka mpaka meno ya mwisho yakaonekana. "Basi, mama. Jibu umelipata kwako, unalitafuta nini kwangu?"

Mama Pacha alisimulia hayo jioni huku akikata vitunguu, na kisu kilikuwa kikigonga ubao kwa hasira. Alisema yule bwana alidhani atamtetemesha kwa kumtajia mume. Nikamwambia usoni, alisema, mume wangu hajawahi kunidanganya hata siku moja. Mpole akajidai anakwenda kuchota maji. Huko nje alisimama na ndoo tupu. Aliogopa kwamba Meneja sasa anajua. Yule mtu alicheka kwa sababu alijua nani mwongo, na akauweka uongo ule kwenye droo yake kama mali.

Hakuchelewa kuutoa, akaeneza kwamba hata mume wa mama huyo anapata tatu. Siku chache baadaye wanawake walianza kumkwepa Mama Pacha wakati wa mapumziko, wakisema huenda ametia chumvi. Lakini yeye alikuwa ameshapata wazo, akalipitisha kwa mikono kutoka mtambo hadi mtambo. Ijumaa, mitambo ikiwa inaunguruma, angepita safu zote na kumuuliza kila mwanaume mshahara wake mbele ya watu wote. Ofisini mtu anaitwa peke yake na kutishwa, alisema, lakini pale chini mkono ukiinuka umeonekana na wote, na hakuna anayeweza kuurudisha na kusema nilisikika vibaya. Mwenye tatu aonyeshe tatu, mwenye nne aonyeshe nne. Shangazi alimwonya. Mwanangu, alimwambia, wakikana wote utamwaga unga peke yako. Mama Pacha akajibu kwamba wote hawawezi kukana, mtu hawezi kukuangalia machoni na kukudanganya kwa mkono.

Basi Alhamisi Mpole aliitwa juu.

Meneja hakumpa kiti. Alimkumbusha kwamba katika mkataba wa kazi kuna kifungu kisemacho mshahara ni siri, na atakayeutangaza amejifukuza mwenyewe. Alisema habari ya Ijumaa imemfikia, na ameshazungumza na wanaume wengine, wameelewa. Kisha akasogea karibu na kushusha sauti, jambo ambalo lilimtisha Mpole kuliko kelele.

"Kesho ukionyesha nne, mnatoka wote wawili, wewe na mama. Ukionyesha tatu, yeye atakuwa amechochea watu kwa uongo, atatoka peke yake. Wewe utabaki, na usimamizi wa safu ya kwanza ni wako. Nyumba yenye mshahara mmoja si sawa na nyumba isiyo na kitu. Na wasichana wako wanasoma."

Mpole aliuliza, kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua, kama haiwezekani mkewe aonywe tu. Meneja alifungua mlango. Kelele za mitambo zikaingia ndani zikameza jibu, kama lilikuwapo.

Jioni ile Mpole hakula. Chumba chao kilikuwa kidogo, kitanda upande mmoja, kitanda cha mapacha upande wa pili, pazia katikati, redio juu ya kabati. Watoto walikuwa wakibishana nani akae karibu na taa. Mama Pacha alikaa kitandani akipaka mafuta mikono yake, taratibu, kidole kwa kidole, kama mtu anayejiandaa kwenda kwenye sherehe. Naye pia alikuwa na woga, na alisema wazi kwamba ana woga. Alisema usiku uliopita aliota amefika katikati ya safu na mikono yake haifunguki. Mpole alimtazama na akaona kwamba hapa ndipo mahali. Aseme sasa. Hata kama atatupiwa sufuria, hata kama atalala nje, aseme. Akasafisha koo.

"Mama Pacha."

"Eeh."

Mapacha wakanyamaza ghafla na kumtazama, wote wawili, kwa yale macho yao yanayofanana. "Umechoka," akasema. "Ulale mapema."

Mke akatabasamu, pengo likaonekana. Akamwambia kabla hajalala amsaidie jambo moja. "Nianze safu ya kwanza au ya mwisho? Chagua wewe mwenye bahati."

Mpole alijibu bila kufikiri. Safu ya mwisho, alisema. Yeye alikuwa safu ya kwanza, mtambo wa kwanza, na woga ulimwambia kwamba atakayeulizwa mwisho huenda asiulizwe kabisa, huenda kengele ikalia, huenda umeme ukakatika, huenda Meneja akashuka mapema na mambo yakaisha. Woga una akili ya kitoto. Hakuona kwamba akiwa wa mwisho, kila jicho litakuwa limeshafika kwake.

Ijumaa ilikuja kama siku nyingine. Wakatembea pamoja mpaka kazini, mkono ndani ya mkono, na Mama Pacha akalalamika kwamba kiganja cha mumewe kimelowa jasho. Mitambo ikaanza. Vumbi la pamba likapanda, likatua kwenye nywele na kope za watu. Mpole alifunga nyuzi zake, akafungua, akafunga tena. Kila alipoinua macho aliona kioo kule juu, na nyuma ya kioo Meneja amesimama, mikono nyuma, shati jeupe. Mtu mmoja aliinua ngumi juu ya kichwa. Hakukuwa na haja, wote walikuwa wamemwona.

Baada ya mapumziko ya chai Shangazi alisogea kuushika mtambo wa Mama Pacha. Mama Pacha akatembea mpaka safu ya mwisho. Akasimama mbele ya mwanaume wa kwanza, akapapasa mfuko, akafungua kiganja.

Mtu yule alifanya vidole mkasi, uzi umekatika, akainama chini ya mtambo wake. Uzi haukuwa umekatika. Kila mfumaji mle ndani aliona nyuzi zake zinapita salama, na yeye akabaki ameinama vilevile mpaka mgongo wake ukawa aibu kuutazama. Mama Pacha akasogea. Wa pili akaonyesha tatu. Wa tatu akaonyesha tatu, akitazama dari. Aliyefuata alikuwa Mrefu, mtu wa mizaha, ambaye aliwahi kujisifu mbele ya Mpole kwamba kidole cha nne kinamtosha sigara mwezi mzima. Naye akaonyesha tatu, haraka, kama mtu anayeondoa mkono kwenye moto.

Mpole alifuata kwa macho kila hatua ya mkewe. Alitaka wote waonyeshe tatu, ili na yeye awe mmoja wao, na papo hapo alitaka atokee mwenye moyo, mmoja tu, aonyeshe nne, ili mkewe apone bila yeye kuguswa. Aliwaombea wengine ujasiri aliokosa mwenyewe.

Mama Pacha alifika kwa Mgeni. Huyu ndiye aliyeanzisha yote, kwa hiyo wanawake wote walinyoosha shingo. Mgeni alimtazama mwalimu wake, akatazama kioo juu, akarudi kumtazama mwalimu wake. Uso wake ulikuwa wa mtu mwenye homa. Akainua tatu.

Hapo ndipo Mpole alipomwona mkewe akiyumba. Kidogo tu, kama aliyekanyaga vibaya, kisha akajikaza na kuendelea. Lakini nyuma yake mikono ilikuwa imeanza kusema. Mwanamke mmoja alipitisha kidole juu ya midomo, ishara ya uongo, na mwenzake akaitikia. Kule juu Meneja alikuwa ametoa mikono nyuma na kuikunja kifuani. Wanaume wa safu ya pili walitoa tatu zao mmoja baada ya mwingine, wepesi sasa, maana uongo ulikuwa umeshazoeleka, na Mama Pacha aliwapita bila kusimama sana. Hakuwa akiuliza tena kwa kutaka jibu, alikuwa akimalizia alichokianza kwa sababu watu walikuwa wanamtazama.

Akafika safu ya kwanza. Akafika kwa mumewe. Na alipofika, yule mwanamke akatabasamu. Alitabasamu kwa sababu katika jumba lile zima, hatimaye, amefika kwa mtu wake. Pengo lilikuwa wazi upande wa kushoto, na safari hii Mpole hakuwa na upande mwingine wa kutazama. Mke akapapasa mfuko, kimzaha, akafungua kiganja.

Vidole vitatu vilitoka vyenyewe, kwa mazoea ya miaka.

Mama Pacha aliitikia kwa kichwa. Ndivyo alivyotarajia. Akamgusa mumewe bega, kumpa pole kwa kuonewa kwake, kisha akageuka na kuanza kurudi kwenye mtambo wake. Mabega yake yalikuwa yameshuka. Mpole aliyaona mabega yale kwa nyuma na akakumbuka ile njia ya asubuhi, mimba kubwa, miguu iliyovimba, na yeye pembeni akisema pole, pole mama, na nauli mfukoni. Alikuwa amemwona hivi hivi kwa nyuma siku ile aliposimama kupumua kwenye kona. Siku ile pia alinyamaza.

Akainua kidole cha nne.

Hakuna aliyekiona isipokuwa Shangazi. Mke alikuwa amempa mgongo. Mpole alipaza sauti, akaita jina lake lote, na sauti ikapotea kwenye ngurumo kama ambavyo sauti zote hupotea mle. Vidole vinne vilikuwa hewani na bado angeweza kuvishusha. Nusu ya moyo wake ilimwambia avishushe. Shangazi ni mzee, macho yake si mazuri, nani atamwamini? Usimamizi wa safu ulikuwa pale. Karo ya wasichana ilikuwa pale. Mkono ulianza kushuka wenyewe, ukafika usawa wa sikio. Akaogopa sana, kuliko alivyowahi kuogopa, kwa sababu aliona kwamba safari hii hakuna wa kumlaumu, si Meneja wala mkataba, ni yeye na mkono wake.

Kwa mkono wa pili akauzima mtambo.

Mfumaji hazimi mtambo kazini ila mtu akiumia. Masikio ya mle ndani hayasikii maneno, lakini yanasikia mtambo mmoja ukikosekana, kama mama anavyosikia mtoto mmoja amenyamaza kati ya wengi. Mama Pacha akageuka akiwa ameshika kifua, akitafuta damu. Akamwona mumewe mzima, amesimama, na vidole vinne juu.

Alivitazama kwa muda. Akatazama uso wa mumewe, akarudi kwenye vidole. Mpole aliona jambo lile likimwingia mkewe taratibu, mwaka baada ya mwaka, likirudi nyuma mpaka getini siku ya mshahara wa kwanza. Ulimi wa mkewe ulikwenda penye pengo, ukakaa hapo. Kisha Mama Pacha akatembea mpaka kwenye mtambo wake, akamwondoa Shangazi kwa upole, akauzima. Shangazi akazima wake. Mwanamke aliyepitisha kidole midomoni akazima wake. Ngurumo ikapungua vipande vipande, ikawa mvumo, ikawa mlio wa mtambo mmoja wa mbali, ikaisha.

Kimya kile kilitisha kuliko kelele. Watu walisikia pumzi za wenzao. Walisikia pia viatu vya Meneja vikishuka ngazi za chuma, viatu ambavyo hakuna aliyewahi kuvisikia, na kila ngazi Mpole aliihisi kwenye meno.

"Teremsha mkono," akasema Meneja. Hakupaza sauti, hakukuwa na haja tena. "Teremsha, kila mtu arudi kazini, na mimi nitasema sikuona."

Mpole aliutazama mkono wake kama wa mtu mwingine.

"Usiteremshe," akasema Mama Pacha.

Ilikuwa mara ya kwanza sauti yake kusikika ndani ya jumba lile, na ilikuwa kavu, haina machozi. "Nyoosha vizuri. Inua juu, safu ya mwisho hawajaona."

Mpole akanyoosha mpaka bega likauma. Watu wa nyuma walisimama kwenye vidole vya miguu. Kisha kule katikati, polepole, macho yakiwa chini, Mgeni akainua mkono wake, na vilikuwa vinne. Mrefu aliutazama mkono wa Mgeni, akatazama viatu vya Meneja, akaingiza mikono yake mfukoni, na jasho likimtoka akaitoa tena. Wengine hawakuinua. Meneja alikuwa amesimama kwenye ngazi ya mwisho, mguu mmoja chini na mmoja juu, akihesabu nyuso.

Mama Pacha akasogea karibu na mumewe. Alisogea kabisa, mpaka Mpole akasikia harufu ya yale mafuta ya mikono, akadhani atamshika. Hakumshika. Alizungumza chini chini, kwa maneno ya mumewe peke yake.

"Hapa nitasimama na wewe mpaka mwisho. Nyumbani utaniambia ile redio uliishinda wapi."

Meneja alikuwa amekwisha kukanyaga sakafu na anakuja, na Mpole alishangaa kwamba hamwogopi tena. Hofu yote ilikuwa imehamia kwenye kile chumba kidogo chenye pazia katikati. Aliendelea kuinua mkono kama alivyoambiwa. Kengele ya kutoka ilikuwa bado mbali, naye kimoyomoyo akaomba ichelewe zaidi.